Nairobi hadi New York kwa Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umbali na Muda wa Safari

Majibu haya yanahusu safari kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA, alama yake NBO) na uwanja wa John F. Kennedy (JFK). Ratiba za mashirika hubadilika kila msimu, kwa hiyo saa zilizotajwa kama mfano ni za kukufundisha hesabu tu. Saa ya kuondoka isome kwenye tiketi yako.

## Mambo ya msingi

1. Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kiwanja hadi kiwanja. Hizo ni kama maili 7,355 za kawaida, au maili 6,390 za baharini ambazo ndizo marubani hutumia. Ni karibu asilimia 30 ya mzingo wa dunia.

Ukiona tovuti moja imeandika 11,820 na nyingine 11,850, usihangaike. Moja imepima katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, nyingine kiwanja hadi kiwanja, na ya tatu imechukulia dunia kuwa duara kamili ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha. Kosa la kweli ni kuchanganya maili ya kawaida (kilomita 1.609) na maili ya baharini (kilomita 1.852). Hapo unaweza kupotoka kwa zaidi ya kilomita 1,500.

2. Ndege isiyotua njiani huchukua saa ngapi?

Kwenda New York ni kama saa 15. Kurudi Nairobi ni kama saa 14. Muda huu huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili, kwa hiyo dakika za kuzunguka uwanjani ukisubiri zamu ya kuruka zimo ndani. Sababu ya kurudi kuwa kufupi iko kwenye swali la 8.

3. Kweli ipo ndege ya moja kwa moja?

Ipo. Kenya Airways ilianza safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8 yenye viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Kabla ya hapo ilibidi kubadilisha ndege Ulaya, Ghuba au kwingineko. Mlango ulifunguka Februari 2017, mamlaka ya anga ya Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Bila daraja hilo shirika la Kenya lisingeruhusiwa kuanzisha safari ya Marekani kwa ndege zake.

Uwe makini na maneno ya wauza tiketi. "Moja kwa moja" wakati mwingine humaanisha namba ya safari haibadiliki, lakini ndege inatua mahali fulani na kupakia abiria wengine. Uliza hivi: "Inatua popote njiani?" Kisha angalia kama kwenye tiketi kuna mstari mmoja wa NBO–JFK au miwili.

4. Tofauti ya saa kati ya Nairobi na New York ni ngapi?

Nairobi iko mbele kwa saa 8 wakati wa baridi ya Marekani na saa 7 wakati wa kiangazi chao. Kenya haigusi saa zake mwaka mzima, wanaozisogeza ni wao. Tarehe za kusogeza ziko kwenye swali la 18.

5. Nikiondoka usiku, nitafika saa ngapi kwa saa za kule?

Fanya hesabu kwa hatua mbili, usizichanganye. Kwanza ongeza muda wa safari kwa saa za Nairobi. Kisha toa tofauti ya saa.

Mfano: ndege inaondoka JKIA saa 23:55, yaani saa sita kasoro dakika tano usiku. Ongeza saa 15, unapata 14:55 ya kesho yake kwa saa za Nairobi. Toa saa 8 kama ni Januari: 06:55, saa moja kasoro dakika tano asubuhi New York. Kama ni Julai toa 7: 07:55.

Kurudi: ndege inatoka JFK saa 12:00 mchana Januari. Nairobi wakati huo ni 20:00, saa mbili usiku. Ongeza saa 14: unatua saa 10:00, saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Ndiyo maana wa kwenda huona kama safari imechukua saa saba tu, na wa kurudi huona imekula siku nzima.

## Njia, upepo na ndege yenyewe

6. New York iko magharibi. Mbona kwenye skrini ndege inaelekea kaskazini, juu ya Sahara?

Kwa sababu ramani ya ukutani imekunjua kitu cha mviringo kuwa bapa. Chukua tufe la dunia, bana uzi juu ya Nairobi, uvute hadi New York mpaka ukaze. Uzi utaondoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, karibu digrii 312 za dira, upite kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur iliyo Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko, kisha uingie Atlantiki. Baharini unapita karibu na visiwa vya Azores, unapanda kidogo kuliko usawa wa New York, halafu unateremka kuingia JFK ukitokea mashariki.

Huo ndio mstari mfupi wa kihesabu. Njia halisi ya usiku fulani hupotoka kwa sababu zilizo kwenye swali la 10.

7. Nusu ya safari inakuwa wapi?

Kwenye mstari mfupi, nusu kamili inaangukia Moroko, mashariki kidogo ya Marrakech. Wengi hudhani nusu ni katikati ya Atlantiki. Sivyo: nusu ya kwanza yote ni juu ya ardhi ya Afrika, na mpaka uione bahari umeshakula karibu kilomita 6,000.

8. Kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14?

Upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, katika latitudo za kati, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi ya kilomita 150 kwa saa ni ya kawaida, na majira ya baridi inaweza kupita 200.

Boeing 787 husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa ikilinganishwa na hewa inayoizunguka. Hewa hiyo ikija usoni kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ndege inasonga juu ya ardhi kwa 840, na kilomita 11,840 zinachukua zaidi kidogo ya saa 14. Upepo wa wastani wa 40 ukitoka nyuma, kasi inakuwa 940 na muda unashuka hadi saa 12 na dakika 36. Juu ya hapo ongeza kupanda, kushuka, kuzunguka uwanjani na kupotoka kwa njia, ndipo unapata muda wa tiketi.

Wastani huo ni mdogo kuliko kasi ya mikondo yenyewe kwa sababu sehemu ya Afrika ya tropiki haina upepo wa namna hiyo. Vita na upepo huanza ukikaribia Moroko. Kwa hiyo usishangae skrini ikionyesha kasi nzuri juu ya Chad kisha ianze kushuka baharini.

9. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ndege si ingengoja tu hewani New York ije?

Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Hata ikiwa imesimama uwanjani JKIA, tayari inasafiri kuelekea mashariki na kila kitu kingine karibu na ikweta, kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Ikiruka haiachi mwendo huo nyuma. Kinachobaki kuifaa au kuikwaza ni upepo, yaani hewa inayokwenda tofauti na ardhi iliyo chini yake.

10. Mbona njia ya leo si ile ya wiki iliyopita?

Kila safari hupangiwa njia yake saa chache kabla ya kuondoka. Mpangaji huangalia upepo, dhoruba, kazi za kijeshi na anga zilizofungwa, kisha huchagua njia inayotumia mafuta kidogo, ambayo mara nyingi siyo fupi kwa kilomita. Kilomita 200 za ziada zinazokwepa upepo mbaya huokoa dakika.

Siasa nazo zimo. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023. Niger ilifunga yake tarehe 6 Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi na kuifungua mwanzoni mwa Septemba. Ukirudi kwenye orodha ya nchi za swali la 6 utaona zote mbili ziko kwenye mstari wa uzi wetu. Mzunguko wa kukwepa nchi moja kubwa unaweza kuongeza dakika 20 au zaidi, na kwenye safari iliyo karibu na uwezo wa ndege dakika hizo hulipwa kwa mafuta, na mafuta hulipwa kwa mzigo.

11. Kwa nini ndege ya New York huondoka Nairobi usiku wa manane?

Abiria wengi hudhani ni kwa ajili ya kulala. Kulala ni faida, lakini kuna fizikia.

JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Hewa nyepesi inamaanisha injini zinasukuma kwa nguvu pungufu na mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi kuinua uzito uleule. Joto la mchana huipunguza zaidi. Ndege yenyewe iko karibu na ukomo: uzito wa juu kabisa wa 787-8 kuruka ni kama tani 228, inatumia takriban tani 5 za mafuta kwa saa, na safari ya saa 15 na akiba yake ni tani 75 na zaidi. Barabara ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya mita 4,100, ambao ni mwingi, lakini hauondoi tatizo lote. Usiku hewa inapokuwa baridi ndege inaweza kuondoka na tani kadhaa zaidi kuliko adhuhuri.

Hata hivyo, upande wa kwenda ndio wenye kubana. Shirika huweza kuacha viti vitupu au kupunguza mizigo, na begi linaloachwa Nairobi kwa sababu ya uzito kwa kawaida hufuata safari inayofuata. JFK iko mita 4 tu juu ya bahari na upepo wa kurudi unasukuma kutoka nyuma, kwa hiyo kuondoka adhuhuri hakuna shida.

Kuondoka usiku pia kunakufikisha New York asubuhi, muda wa kuunganisha ndege za ndani kwenda miji mingine siku hiyohiyo.

12. Injini moja ikizima juu ya Atlantiki?

Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kupita popote inapopenda. Lazima wakati wote iwe ndani ya muda uliokubaliwa kutoka uwanja inaoweza kuufikia kwa injini moja. Boeing 787 imeidhinishwa hadi dakika 330, ingawa kila shirika hupewa kibali chake na si lazima kifike hapo. Kwenye njia hii kuna Lajes kule Azores, Gander na Halifax upande wa Kanada, na viwanja vya Moroko, Ureno na Visiwa vya Kanari upande wa pili. Sehemu ya bahari ya njia hii si ya upweke kama watu wanavyodhani.

## Kuunganisha ndege

13. Kupitia wapi ndiyo njia fupi?

Umbali wa kiwanja hadi kiwanja kwa mstari mfupi, vipande viwili vikijumlishwa:

| Kupitia | Kipande cha kwanza (km) | Kipande cha pili (km) | Jumla (km) |
|---|---|---|---|
| Bila kutua | – | – | 11,840 |
| London Heathrow | 6,840 | 5,550 | 12,390 |
| Amsterdam | 6,680 | 5,850 | 12,530 |
| Istanbul | 4,810 | 8,050 | 12,860 |
| Doha | 3,350 | 10,780 | 14,130 |
| Dubai | 3,560 | 11,020 | 14,580 |

London inaongeza chini ya asilimia 5. Ghuba inaongeza kilomita 2,300 hadi 2,700, kwa sababu unakwenda kwanza kaskazini-mashariki kisha unarudi magharibi. Angani hiyo ni tofauti ya saa mbili au tatu hivi. Kungoja katikati ndiko kunakoamua: kupitia Doha na kusubiri saa 2 kunaweza kukufikisha mapema kuliko kupitia London na kusubiri saa 7. Ukilinganisha tiketi, angalia jumla ya saa tangu kuondoka hadi kufika. Chini ya saa 20 kwa kuunganisha ni safari nzuri, na zaidi ya 28 ni ya kufikiria mara mbili.

14. Muda wa kuunganisha unaotosha ni upi?

Kwenye uwanja mkubwa wa Ulaya au Ghuba, kwa tiketi moja, saa 2 hadi 3. Mfumo unaweza kukuuzia dakika 75 kwa sababu uwanja umetangaza kuwa huo ndio muda wa chini, lakini ndege ya Nairobi ikichelewa nusu saa umeshaachwa. Safari za kwenda Marekani hukaguliwa tena mlangoni na mlango hufungwa mapema.

Kama unaunganisha ndani ya Marekani, usikubali chini ya saa 3. Sababu iko kwenye swali la 16.

15. Nikinunua tiketi mbili tofauti, kuna ubaya?

Kuna. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai chochote wala halikujui: umekosa safari, na tiketi imeungua. Mizigo nayo mara nyingi haipiti hadi mwisho, maana yake unatoka hadi ukumbi wa nje, unaichukua na kuipanga foleni upya. Katika nchi nyingine kutoka huko kunahitaji viza. Ukilazimika kufanya hivyo, acha saa 6 au lala usiku mmoja katikati.

16. Je, nikipita tu Marekani kwenda Kanada au Karibi, nabaki ndani ya uwanja?

Hapana. Marekani haina eneo la kusubiri kwa wasafiri wa kupita kama ilivyo Doha au Amsterdam. Kila anayetua kutoka ng'ambo hupita uhamiaji, huchukua mizigo yake, huipitisha forodhani, kisha huirudisha kwenye mkanda wa ndege inayofuata. Kwa hiyo hata wa kupita tu anahitaji viza ya kupita au viza nyingine inayokubalika, isipokuwa nchi yake imesamehewa.

Abu Dhabi ni tofauti kidogo. Huko maafisa wa Marekani hukukagua kabla ya kupanda, na ukitua JFK unatoka kama abiria wa safari ya ndani. Foleni haijafutwa, imehamishwa tu, kwa hiyo muda wa kusubiri Abu Dhabi uwe mrefu zaidi.

Viza ya kupita Ulaya hutegemea pasipoti, nchi na hata kiwanja. Angalia masharti ya ubalozi wa nchi husika kabla ya kulipa, si baada.

## Saa na tarehe kwenye tiketi

17. Tiketi imeandikwa 00:30 tarehe 15. Niende uwanjani siku gani?

Nenda jioni ya tarehe 14. Hapa ndipo watu wengi huachwa na ndege bila kuchelewa hata dakika moja. Saa 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na tarehe ya tiketi hugeuka saa sita kamili usiku. Sisi tukisema "Jumamosi saa saba usiku" tunamaanisha usiku uliofuata mchana wa Jumamosi. Kwenye tiketi saa hiyo ni 01:00 ya Jumapili.

Kwa usalama mwambie anayekupeleka mambo mawili: siku ya kutoka nyumbani na saa ya kutoka nyumbani. Usimpe saa ya ndege pekee.

Na ukiwa New York, kumbuka wao huandika saa kumi na mbili-mbili: 12:30 AM ni saa sita na nusu usiku, 12:30 PM ni saa sita na nusu mchana.

18. Marekani hubadilisha saa lini, na inaniathiri vipi?

Husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa 02:00, yaani saa nane usiku. Saa za tiketi ni za mahali ndege ilipo, kwa hiyo huna cha kurekebisha mwenyewe. Linalobadilika ni muda wa kufika, kama ulivyoona kwenye swali la 5.

Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na mashirika ya ndege hubadilisha ratiba zao siku hizohizo. Kwa hiyo katika wiki hizo za katikati ya Machi na mwisho wa Oktoba, London na New York zinapishana kwa saa 4 badala ya 5. Tiketi iliyonunuliwa mapema kwa tarehe hizo iangalie tena, maana hapo ndipo muda wa kuunganisha husogezwa bila wewe kujua.

## Mlango hadi mlango

19. Saa 15 za angani ni saa ngapi za kweli?

Kwa mtu anayetoka Westlands kwenda Manhattan, hesabu karibu saa 22:

- Kutoka Westlands hadi JKIA: dakika 30 hadi 40 kwa barabara ya juu ya Nairobi Expressway. Kwa Mombasa Road jioni inachukua saa moja na nusu.
- Uwanjani: fika saa 3 hadi 4 kabla. Kwenye lango la kuingilia kuna ukaguzi, na ukiwa na mtoto na mabegi manne hapo tu panakula dakika. Ndani kuna ukaguzi tena, na safari ya Marekani ina ukaguzi wa ziada mlangoni.
- Angani: 15.
- Uhamiaji na mizigo JFK: saa 1 hadi 2. Ndege kadhaa kubwa zikitua pamoja, foleni ya wasio raia huwa ndefu.
- JFK hadi Manhattan: treni ya AirTrain hadi Jamaica, kisha treni ya LIRR (reli ya Long Island) au ya chini ya ardhi; jumla kama saa moja. Teksi ni dakika 45 hadi 90.

Kwa hiyo usipange mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kutua. Alasiri, ndiyo.

20. Tiketi yangu inasema Newark. Hiyo pia ni New York?

Newark (EWR) iko New Jersey, kama kilomita 33 magharibi mwa JFK kwa mstari wa moja kwa moja. Kwa umbali wa ndege haina tofauti ya maana, na kwa anayekwenda upande wa magharibi wa Manhattan ni nzuri tu. Hatari ni tiketi inayokushusha JFK na kukupandisha Newark. Kati yao liko jiji zima. Acha saa 5 au ikatae.

## Mwili, ibada na mengineyo

21. Uchovu wa kubadilisha saa unachukua siku ngapi?

Makadirio ya kawaida ni siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, ingawa wengi huwahi. Kuelekea magharibi ni rahisi zaidi, kwa sababu mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha. Siku za kwanza New York utaamka saa tisa au saa kumi usiku ukiwa macho kodo. Toka nje kwenye mwanga wa alasiri na usilale kabla ya saa tatu usiku. Kurudi Nairobi ndiko kubaya: utakesha hadi alfajiri. Hapo tafuta jua la asubuhi, si la jioni.

22. Dawa za kila siku nizinywe kwa saa za wapi?

Kwa dawa za mara moja kwa siku, saa chache huku au kule kwa kawaida hazina neno. Insulini, dawa za kifafa, dawa za kuzuia damu kuganda na nyingine zinazohitaji muda kamili ziulizie kwa daktari kabla ya safari, ukimpa ratiba ya ndege kwa saa za Nairobi. Zibebe mkononi, kamwe si kwenye begi la chini (kumbuka begi lililobaki kwenye swali la 11).

Kukaa zaidi ya saa nne bila kutembea huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Simama kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, na kunywa maji.

23. Mbona usiku wa safari ya kwenda hauishi?

Kwa sababu unakimbia pamoja nao. Desemba, jua likizama Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni, litachomoza New York kama saa moja na robo asubuhi kwa saa za kule, ambayo ni saa tisa na robo alasiri Nairobi. Huo ni usiku wa karibu saa 21. Juni utaona alfajiri kabla ya kutua. Kurudi ni kinyume: umeondoka adhuhuri, na baada ya saa tatu hivi majira ya baridi giza limeshaingia.

24. Nikiwa nimefunga, nifuturu kwa saa za wapi?

Jua linalohesabika ni lile la mahali ulipo angani, si la Nairobi wala la New York. Ukiliona dirishani halijazama, bado, hata kama saa yako inasema magharibi imeingia nyumbani. Kwenye kimo cha kilomita 11 jua huonekana kwa dakika kadhaa zaidi kuliko ardhini. Ndege ya usiku kutoka Nairobi inakupa daku ndefu. Ile ya mchana inayokwenda magharibi, kwa mfano kutoka Ulaya, inarefusha saumu kwa saa nyingi, na msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya safari.

25. Umbali una uhusiano gani na fidia ndege ikichelewa?

Uhusiano mkubwa, kama umepitia Ulaya. Kanuni namba 261 ya 2004 ya Umoja wa Ulaya hupanga fidia kwa umbali. Juu ya kilomita 3,500, kuchelewa kufika kwa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika ni euro 600, na kati ya saa 3 na 4 inaweza kupunguzwa nusu. Inahusu ndege yoyote inayoondoka kiwanja cha Umoja, na ya shirika la Umoja inayokwenda huko.

Watu hujumlisha vipande vyote wakidhani watalipwa zaidi. Mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa umbali hupimwa kwa mstari mfupi kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho wake, si kwa mizunguko ya kuunganisha. Kwa Nairobi na New York haikupunguzii kitu, maana 11,840 imeshavuka kiwango cha juu. Weka pasi ya kupandia ndege na picha ya ubao wa saa za kufika: muda unaohesabika ni wa mlango wa ndege kufunguliwa, si wa magurudumu kugusa ardhi.